Picha ya Ishirini na Tano

Jumatatu, 3 Machi
Mkuu wa kitengo anastaafu Ijumaa. Kiti chake ni changu! Kikwazo kimoja tu: Dada Miwani, mkaguzi mwenzangu, anayepitia tovuti ya kampuni kwa macho kama anachambua mchele. Mimi nimeandika programu. Inafungua ukurasa wa wafanyakazi, inahesabu picha, inalinganisha na idadi niliyoiwekea. Tuko ishirini na wanne. Zikitimia, kijani. Zisipotimia, nyekundu. Mimi nakunywa chai.

Jumanne, 4 Machi
Nyekundu! Imehesabu ishirini na tano. Dada Miwani kahesabu kwa kidole, kapata ishirini na nne. Na Mkuu huyo anakuja kuangalia! Nikafuta 24, nikaandika 25. Kijani kibichi! Mkuu akanipigapiga begani. Nikamnong'oneza kwamba macho ya Dada Miwani yamechoka.

Jumatano, 5 Machi
Dada Miwani kaja mezani kwangu. Hana kinyongo, jambo linaloudhi. Akasema taratibu, "Kaka, hiyo moja itafute. Haikujiweka yenyewe." Wivu!

Mchana nikaitafuta kimyakimya. Ipo chini kabisa, upana wake sifuri, jicho haliioni. Nikaikuza. Ni chumba chetu, kimepigwa kutokea kona ya kabati la mafaili. Mtu amekaa, kaipa kamera mgongo. Shati la bluu, kola imekunjika upande mmoja. Nikajishika kola. Imekunjika. Nikageuka.

Kabati tu.

Nimeifunga. Mkuu asijue.

Alhamisi, 6 Machi
Leo nimevaa shati jeupe, makusudi. Kwenye picha: shati jeupe. Na kichwa kimegeuka kidogo, sikio linaonekana. Fundi wa kompyuta anaapa hakuna aliyeipandisha kwenye tovuti. Nikaifuta! Nikahesabu upya. Ishirini na tano. Imepanda juu, imekaa kando ya picha yangu.

Dada Miwani akanisihi nimweleze Mkuu ukweli, hata leo hatujachelewa. Nikamjibu tusiharibu sherehe ya mzee wa watu. Kwanza nipate kiti.

Ijumaa, 7 Machi
Mlinzi wa mlangoni kaniuliza namtafuta nani. Nikacheka. Yeye hakucheka.

Programu: nyekundu! Ishirini na nne. Nikashuka na ukurasa polepole. Mhasibu yumo. Fundi yumo. Mlinzi yumo. Mimi simo. Ile ya chumba ipo, kubwa sasa, kila mtu anaiona. Kiti ni kitupu.

Kwenye sherehe Mkuu kamkabidhi Dada Miwani funguo, akasema kitengo hiki siku zote kimekuwa na mkaguzi mmoja tu, naye ni hodari. Nikapiga kelele kwamba hapana, tuko wawili! Hakuna aliyegeuka. Dada Miwani peke yake kaangaza macho chumbani kama mtu aliyesahau kitu, akatazama nilipo, akapita.

Nikarudi mezani. Nikafuta 25, nikaandika 24. Kijani!

Nimeondoka saa nane mchana na hakuna aliyeniuliza naenda wapi. Raha iliyoje! Jumatatu nahamia ofisi ya Mkuu. Nani atanizuia?