Fataki Laini Kabla ya Jumamosi

Jumatatu, 6 Oktoba
Nimechoka, na wiki ndiyo kwanza imeanza. Jumamosi klabu inachagua mtu wa nne wa kwenda mashindano ya bastola ya jimbo. Tumebaki mimi na Delbert, kaka wa mke wangu. Miaka kumi na moja sasa ananishinda. Nina miaka sabini na moja. Sitapata nafasi nyingine.

Nimeweka springi dhaifu kwenye bastola. Sasa inafyatuka ukiigusa tu! Ile ya zamani nimeitupa, nisije nikarudi nyuma. Kasoro moja: nyundo inagonga kinyonge. Lazima nijaze risasi zangu kwa fataki laini, vile vidude vya kitakoni vinavyowasha baruti. Ngumu hazitashtuka.

Jumanne
Dukani kwa Bi Thora laini zimekwisha. Mzigo unaingia Ijumaa, na klabu nzima itapanga foleni alfajiri. Mgongo wangu hauwezi foleni. Kwa hiyo pale mgahawani nikatangaza kwamba laini za siku hizi ni mbovu, wajuzi wote wamehamia ngumu. Lowell wa klabuni akauliza nani kasema. Nikasema jamaa mmoja wa mjini Billings. Wakaamini.

Jumatano
Hata msusi wa mke wangu Arlette amezisikia habari za fataki. Arlette akanikazia macho, akasema, “Mzee, njia ya mwongo ni fupi.” Nikaomba viazi zaidi.

Alhamisi
Delbert kapita kunishukuru. Ameshahamia ngumu. “Shemeji, umenifumbua macho!” Springi yake ni ile nzito ya kiwandani, kwake ni sawa tu. Sikujali. Nimekula nusu keki ya tufaha peke yangu.

Ijumaa
Mlangoni pa duka saa moja asubuhi. Peke yangu! Ushindi!

Hakuna laini. Bi Thora kasema watu saba walimpigia simu wakitaka ngumu, akamwambia muuzaji wa jumla alete ngumu tupu. “Si wewe mwenyewe uliyesema, Wendell?” Nimenunua ngumu. Nikakimbilia pipa la taka kutafuta springi. Lori lilipita Jumanne.

Jumamosi
Risasi thelathini. Zilizolia, kumi na moja. Kila isipolia, sheria ni kusimama mtutu ukielekea shabaha, ukihesabu nusu dakika. Nimesimama hivyo mara kumi na tisa, kwenye upepo. Watu wakatoa sandwichi zao. Delbert kashinda. Akanishika bega, akasema mkono wangu bado ni imara, bastola tu ndiyo imeniangusha. Hapo ndipo nilipoumia. Nikaenda kukaa garini, nikalia kidogo.

Jumapili
Baada ya kanisa Delbert kaniletea boksi tatu za fataki laini. Zimekaa chini ya ngazi kwake tangu mwaka juzi. Kasema angenipa siku yoyote, sikuomba tu. Tena ameiambia klabu niwe mtu wa akiba, akiugua niende mimi. Moyo uliniyeyuka kabisa.

Kisha nikamwambia mabingwa hawanywi kahawa wiki mbili kabla ya shindano, ili mkono utulie. Delbert hunywa birika mbili kwa siku. Akiacha ghafla, atatetemeka kama jani! Akaandika kwenye karatasi ya kanisa, akashukuru. Akasema mtu wa akiba naye sharti aache, tutaanza pamoja. Arlette alikuwa mlangoni. Amemwaga kahawa yote ya nyumbani, anacheka.

Kichwa kinaniuma tangu saa tisa. Lakini mpango wenyewe ni mzuri.