Kuhusu Mazishi Yangu kwa Shina la Mgomba

Kyebando, Kampala
Novemba 17, 2025
Miaka thelathini na minane na siku tisa tangu niondoke kwetu Bungoma

Kwa Binti Amito, Mwongozaji wa filamu ya *Midomo Thelathini na Minane*

Binti yangu,

Natumai barua hii itakukuta ukiwa mzima. Mimi pia ni mzima, na hilo ndilo linalonifanya nikuandikie.

Marehemu baba yako, Koplo Okullo, alikuwa jirani yangu kwa miaka ishirini na hakuwahi kuniua hata mara moja. Kwa heshima yake, ulipokuja mwezi wa Juni kuniomba niigize mzee aliyekaa ugenini hadi mwili wake ukaanza kuota midomo, mmoja kwa kila mwaka, yote ikimsuta kwa lugha ya mama yake mpaka ikamla, nilikubali. Nimefanya kazi ya kusahihisha maandishi kiwandani kwa wapiga chapa. Mambo yasiyowezekana nimeyasoma mengi. Sasa nina malalamiko, nayo nayapanga kwa namba ili usije ukaruka hata moja.

1. Ngozi. Fundi wako wa vipodozi, Nabangala, alinibandika mgongoni ngozi za sangara kutoka soko la samaki la Ggaba, akazipaka uji wa ngano na rangi nyekundu. Kila nilipojikuna alinikemea: "Taata, tulia! Midomo bado kukauka." Nilitulia siku sita. Hadi leo paka wa Kyebando hunisindikiza kanisani.

2. Hesabu. Filamu inaahidi midomo thelathini na minane. Nimeitazama mara nne, kalamu mkononi, nikaona thelathini na mmoja. Kama ni kunisuta, nisutwe kwa hesabu kamili. Aidha, maneno ya midomo uliniachia niyatunge na kuyasema mwenyewe, kwa kuwa wewe ni Mwacholi na lugha yetu huijui. Hukujua, basi, kwamba mdomo wa kwapani unasema yale aliyoniambia kaka yangu Wanyonyi kwenye mazishi ya baba yetu, nilipoinuka nizungumze mbele ya watu: "Keti chini. Huna neno." Niliketi. Kesho yake nilivuka mpaka. Mdomo huo umeupa sauti ndogo mno.

3. Tangazo. Watu wako wa matangazo walichukua picha yangu halisi, wakaweka mshumaa pembeni, wakaandika: "Kwa masikitiko makubwa, Mzee Pius Makokha wa Kyebando ameliwa na midomo yake mwenyewe. Mwili hautapatikana." Chini yake ndipo palikuwa na jina la filamu na saa ya kuoneshwa. Mtu wa Kampala akiona hivyo hucheka, akaja. Lakini lilipofika kwenye kundi la simu la ukoo wetu, sehemu ya chini ilikuwa imekatwa.

4. Mazishi. Kwetu, mtu akifa na mwili wake usionekane, ukoo hukata shina la mgomba, hulivika nguo, hulizika mahali pake. Nilizikwa tarehe nane mwezi huu. Kwa kuwa hawakuwa na nguo yangu yoyote, shina lilivishwa koti la Wanyonyi. Nimeoneshwa picha. Nakiri limelikaa vizuri mabegani kuliko ambavyo lingenikaa mimi.

5. Simu. Nilipiga mwenyewe kusahihisha kosa. Alipokea Dolphine, mke wa mpwa wangu. Nikamwambia ni mimi, Makokha. Akapiga yowe: "Ni sauti ile ile ya midomo! Ashindwe!" Hapo ndipo nilipojua kwamba filamu yako pia wameiona, na wameichukua kuwa ushahidi. Nilipopiga mara ya pili walinipokea kwa pambio.

6. Hili ndilo kubwa. Aliyezikwa hivyo haingii tena langoni mpaka wazee wamtakase, na mkubwa wa wazee hao ni Wanyonyi. Nami nilikuwa nimekata tikiti ya basi ya kwenda kwetu Desemba ishirini. Sikumwambia mtu. Kaka yangu ana miaka themanini na mmoja, na nilitaka nimkute.

Kwa hiyo naomba, kwa unyenyekevu, mambo matatu. Kwanza, uiondoe filamu kila inapooneshwa. Pili, wewe na Nabangala mwende Bungoma na kapu la ngozi za sangara, mkambandike midomo mzee yeyote wa huko atakayekubali, mchana kweupe, ukoo mzima ukitazama. Tatu, hayo yakishindikana, utengeneze filamu ya pili ambayo ndani yake ninafufuka, na itoke kabla ya Desemba ishirini, maana ndugu zangu huamini filamu kuliko simu. Kufufuka niko tayari wiki hii.

Nisalimie mama yako, na Nabangala, na mpiga kamera wako Oyat, aliyekuwa akinifokea, "Mzee, kufa vizuri! Tumbo inatembea!" Wasalimie wote walionililia ukumbini, hata wale waliokuwa wakicheka.

Wako, marehemu asiye na kosa,
Pius Makokha

Nyongeza: Kabla sijaifunga bahasha, binti wa dada yangu, Loice, wa pekee kwetu anayeamini kwamba mimi ni hai, amenitumia sauti aliyoirekodi mazishini. Wanyonyi alisimama mbele ya lile shina akasema: "Huyu nilimkalisha chini siku ya baba. Alikuwa na neno. Niliogopa litakuwa zuri kuliko langu." Kisha akawaomba watu wanyamaze kwa muda ambao mimi ningezungumza. Wakanyamaza. Nimesikia kuku, na mtu akikohoa, na hakuna aliyeharakisha. Namfahamu kaka yangu. Kukiri mbele ya mgomba ameweza. Nikimtokea langoni, itambidi ayakane yote ili aweze kunitazama usoni. Basi iache filamu iendelee, na Bungoma usiende. Tikiti nimeirudisha leo asubuhi. Sitarudi.