Vistari Viwili vya Hiari

Jumatatu, 14 Julai
Bi Sabira ametuambia mimi na Arnold kwamba jiko lake hapa Makadara linahitaji karani mmoja tu. Ijumaa atachagua. Kazi ya kutupima: kuhamisha majina ya wateja wa chakula cha mchana kutoka kompyuta kuukuu hadi mpya. Arnold atayachapa moja moja, kwa vidole viwili. Mimi nikasema nitayahamisha yote kwa amri ya mstari mmoja, chai haijapoa. Arnold akasema haya, profesa. Sijawahi kuifanya. Sikumwambia mtu.

Jumanne, 15 Julai
Nimesoma maelekezo mpaka macho yanawasha. Amri yenyewe fupi. Lakini ina mikia: vistari viwili, kisha maneno. Mmoja: ruka mstari wa kwanza. Mwingine: futa yaliyomo kabla ya kuingiza. Kila mkia umeandikwa "hiari". Hiari! Shuleni kwetu kulikuwa na mchango wa hiari; asiyetoa alirudishwa nyumbani na kiti chake. Sidanganyiki tena. Naweka yote. Ule wa kufuta utakomba na aliyoyachapa Arnold. Nasikitika. Si sana.

Jumatano, 16 Julai
Nikabonyeza. Kufumba na kufumbua, mamia ya majina ndani! Ya Arnold, kwisha. Akafoka: we Joab, kazi yangu iko wapi? Nikamjibu mashine haipendi uchafu. Bi Sabira akanimiminia chai kwa mkono wake.

Alhamisi, 17 Julai
Balaa. Mzee Abdeali, baba mkwe wa Bi Sabira, mgonjwa wa sukari, hakupelekewa mkebe wake wa chakula. Jina halimo! Kwenye kompyuta kuukuu yumo, wa kwanza kabisa kwa alfabeti. Bi Sabira akauliza, kwa upole mno, nani kamfuta mzee. Upole ule ulinitia baridi. Akasema mzee akikosa chakula tena, mwanangu, usijisumbue kuja. Nikatoa data kutoka kompyuta mpya, nikaiingiza tena, kwa uangalifu, na hiari zake zote. Mzee hakurudi. Na Bwana Abeid akatoweka! Nikarudia. Akaenda Bi Adila. Nikiendelea hivi tutabaki kumpikia Zoher peke yake.

Ijumaa, 18 Julai
Mkebe wa mzee nimeupeleka mwenyewe hadi Mji wa Kale, mbio. Akauliza mbona jana aliachwa na njaa. Nikasema ni kompyuta. Akasema kompyuta yenye adabu huanza na wazee.

Niliporudi, Arnold, akitafuna kashata, akauliza mstari wa kwanza ninaouruka una nini. Nikamweleza: huko hukaa vichwa tu, yaani jina, mtaa, simu. Akasema orodha yetu haina vichwa, ina Mzee Abdeali. Akacheka mpaka akapaliwa. Kisha akafuta orodha iliyobaki, akaandika amri yangu mimi, bila mkia hata mmoja, kuleta majina kutoka kompyuta kuukuu. Wote wakarudi. Mwizi!

Bi Sabira akamchagua yeye. Mimi nimebakizwa nibebe mikebe. Mzee kasema nina mbio nzuri.

Jumamosi, 19 Julai
Nimewaza usiku na mchana. Kosa si langu. Niliweka hiari chache mno. Jumatatu asubuhi Arnold atakwenda kivukoni Feri kumpokea mama yake, na ufunguo wa ofisi najua unapotundikwa. Ukurasa wa mwisho wa maelekezo kuna mkia ambao sikuuona: lazimisha. Nao umeandikwa "hiari". Siuachi.