Karafuu Kwenye Bia ya Harusi

Jumatatu, 2 Desemba
Nimedhalilishwa! Binti yangu Ragndis anaolewa tarehe 28, na eti bia ya harusi anataka aitengeneze Brynjulv, shemeji yangu! Mimi baba mzazi nipo, nina pipa, nina chachu ya marehemu babu! Ragndis kasema tusigombane: Jumamosi nifungue pipa, majirani waje waonje kama desturi yetu hapa Voss, kisha ataamua. Haya. Brynjulv hutia matawi ya mtarakwa tu, kama wazee. Mshamba! Bia yangu nyeusi itakuwa na viungo.

Jumatano, 4 Desemba
Nachemsha tangu alfajiri. Karafuu, kiganja kizima. Iliki. Mdalasini. Ganda la chungwa. Mke wangu Oddny akachungulia, akauliza napika bia au keki. Nikamfukuza. Kutia chachu lazima upige ukelele, bia ipate nguvu. Nikapiga hasa! Brynjulv akauliza kutoka kwake kama nimeungua. Kiherehere!

Jumamosi, 7 Desemba
Walikuja kumi na mmoja. Bakuli likazungushwa, likarudi limejaa kuliko lilivyoondoka! Nani katema? Mzee Sjur, jirani wa bondeni, akashukuru: jino lake bovu limekufa ganzi, akaomba ya kwenda nayo nyumbani. Brynjulv, mnafiki yule, akanipiga bega, akasema nisijali, hata yeye aliharibu bia utotoni. Saa moja jioni wote wameaga! Kwetu watu hukaa mpaka wabebwe. Nimebaki na pipa langu. Nimeumia, nakiri.

Jumapili, 8 Desemba
Ragndis kaja asubuhi. Nikajua basi, kazi kapewa Brynjulv. Kumbe! Kasema nitatengeneza mimi, maana baba ni baba, hata akiwa hajui ladha. Sharti moja: mtarakwa tu. Kakomba viungo vyote kabatini, hata chumvi kabeba. Nililia, sioni haya kusema. Nikaapa mbele yake na mama yake: karafuu sigusi, iliki sigusi, mdalasini sigusi, ganda la chungwa sigusi.

Jumatatu, 9 Desemba
Kiapo ni kiapo. Mimi si mtu wa kuvunja ahadi kwa mwanangu! Ila tangawizi hakuna aliyeitaja. Nimenunua kilo mbili.