Nilivyokijaribu Kiti cha Nyuma

Leo nimepatikana. Nawaandikia nyinyi wenzangu wa Chanika kabla hamjaisikia kwa utingo wa basi la Handeni, maana yeye ataileta imenenepa.

Mnajua kijiji chetu cha Kwedizinga kina pikipiki moja, na mwendeshaji ni mimi. Ni ndogo, na nyuma haina kiti, ina keria ya chuma tupu. Juzijuzi nilimpeleka mama mmoja hospitali juu ya keria ile, uchungu umemshika. Alifika salama, lakini akaapa kuwa mtoto mwingine atamzaa hukohuko shambani. Mkutano ukaamua inunuliwe ya pili. Isiwe dubwana la kumaliza petroli, isiwe panzi wa kulia mlimani. Iwe ya kati, yenye kiti cha kukaa mjamzito.

"Achague Salimu," wakasema. (Sikujipendekeza. Mimi hata kuchagua nanasi sokoni hunimalizia asubuhi.) Na anayefuata kujifungua ni mke wangu Mwanahawa. Basi mnaona uzito.

Asubuhi nikafika Manundu, mjini Korogwe, kwa fundi anayeuza pikipiki. Alikuwa nayo moja ya kati, nyeusi, imetunzwa. Nikaikalia. Raha! Nikazunguka nayo. Raha zaidi!

"Umeridhika?" fundi akauliza.

"Mbele nimeridhika. Nyuma sijui. Panda wewe nikuzungushe, unipe ushahidi."

"Mimi nina jipu, bwana. Leo hata godoro nitalisingizia."

Kwa haki, alisema kweli. Tangu nifike alikuwa hajakaa chini.

Mara akamwona mama mmoja anapita na furushi, kanga imemfunika mpaka puani kwa ajili ya vumbi. "Mama, unakwenda stendi? Panda kwa huyu bwana, hakutozi kitu. Wewe mwambie tu kiti kikoje."

Mimi nilikuwa na helmeti, miwani ya vumbi na koti la mvua limefungwa hadi kidevuni, nimeinamia injini isije ikazimika. Sikugeuka. (Laiti ningegeuka!)

"Shikamoo, mama!"

"Marahaba!" Akakaa upande.

"Nishike kiuno, mama! Usione haya, mimi mwanao tu!"

Akanishika.

Tukaenda. Ili nikitendee haki kijiji, niliyafuata mashimo yote makusudi. Kila shimo mama anapiga yowe, ananikumbatia, na furushi linanigonga kisogoni.

"Mama, makalio yanauma?" nikapaza sauti kuishinda injini.

"Hayaumi!"

"Yote mawili?"

"Yote!"

(Niliuliza kwa ajili ya kijiji. Mungu ni shahidi.)

"Angalau wewe unauliza!" akasema. "Binti yangu yuko Kwedizinga, siku zake zimekaribia, ndiko ninakokwenda. Mumewe ndiye kapewa kazi ya kuchagua pikipiki ya kubebea wazazi. Mtu mwema, simsemi vibaya. Lakini kuchagua! Siku ya posa alileta majogoo watatu, kashindwa kujua yupi mzuri!"

Jamani. Majogoo wale nawajua. Niliwaleta mimi.

Mama mkwe wangu! Mtu ninayempisha njia nikimwona kwa mbali. Mtu ambaye sauti yake miaka yote nimeisikia kupitia ukutani tu. Leo kanikumbatia Korogwe nzima inaona, nami nimemuuliza habari za makalio! Nisimame? Nikisimama atanitambua. Nikaendelea, jasho linatiririka ndani ya koti. Sasa kila shimo nalikwepa.

"Mbona umenyamaza, mwanangu?"

"Nasikiliza injini, mama."

Stendi akashuka. Nikashika klachi nikimbie. Akaukamata mkono wa koti.

"Usiondoke hivihivi. Nitajie jina lako, nikuombee dua."

Ningeweza kusema Juma. Mtu mwingine angesema Juma. Lakini dua iende kwa Juma ambaye hajambeba mtu, hiyo si dhuluma? Nikavua helmeti.

"Salimu, mama. Wa Kwedizinga."

Furushi likaanguka. Kanga ikapanda mpaka machoni. Akanipa mgongo, nami nikampa wangu. Waliokuwa wanasubiri basi wakaelewa papo hapo. Kilichofuata ni kicheko, mpaka utingo akakaa chini na kushika mbavu. Nilitamani ardhi inimeze, mimi na pikipiki ya fundi.

Kisha nikamsikia mama mkwe anaiambia nguzo ya stendi:

"Wewe nguzo, mwambie huyo bwana kiti ni kizuri. Mwanangu atakaa. Aichukue, asianze kufikirifikiri."

Nami nikaijibu nguzo ileile, macho chini. "Nguzo, mwambie mama nimesikia. Naichukua."

"Na mashimo, nguzo. Mwambie ayakwepe."

Basi nimeichukua. Ni mara ya kwanza nachagua kitu nisikirudie mara mbili. Mama mkwe yuko nyuma ya ukuta hapa ninapoandika, namsikia anamkanda bintiye mgongo, kwa hiyo mkija nyumbani cheko lenu liacheni njiani.

Kesho mkutanoni najua wataniuliza: kiti cha nyuma kilijaribiwa na nani? Jina lake silitaji. Nitawajibu kwamba uzuri wa kiti niliambiwa na nguzo ya stendi ya Korogwe. Na kwa haki, sitakuwa nimesema uwongo.