Dokta wa Ubwiriunga

Jumatatu, 14 Julai 2025
Nimeamshwa saa kumi na moja alfajiri, tena! Mikorosho imechanua, ubwiriunga, ule ugonjwa wa unga mweupe, unanyemelea maua, na baba mkwe, Mzee Ambrosi, haamini usingizi. Mashine ya kupulizia salfa, dawa yake, mgongoni kwangu, umande hadi magotini. Mkwe huku hakatai kazi ya ukweni. Halafu korosho za msimu huu ndizo mabati ya nyumba yangu na mke wangu Shakila. Naelewa. Lakini saa kumi na moja!

Jumanne, 15 Julai
Nimeandika kwenye kundi la wasapu la wakulima kwamba salfa ipulizwe mchana. Kisha bwana mmoja wa Newala akauliza nimesoma chuo gani. Nikajibu darasa la saba, Chiwata. Vikatuni vya kucheka kumi na tisa! Bibi Dominika, jirani yetu wa shamba, akatuma sauti: bila umande salfa haishiki, inaondoka na upepo, yeye anapuliza mwaka wa thelathini huu. Wakamcheka naye, hasa lafudhi yake ya Kimakonde. Sikumtetea. Nilifurahi kupata mwenzangu wa kuchekwa.

Jumatano, 16 Julai
Wazo! Laini mpya ya simu, nimeiingiza kundini. Jina: Dk. Silvano, Mtafiti. Koti jeupe nimeazima kwa Nurdin, muuza nyama wa Mkomaindo hapa Masasi. Picha nimepigwa mgongoni, maana mbele kuna damu. Nimeandika yale yale ya jana, nikaongeza "kwa mujibu wa tafiti" na "asilimia 87". Ahsante dokta sitini! Yule wa Newala kaomba tuwasiliane pembeni. Baba mkwe amenisomea ujumbe wote kwa sauti, akanitazama kwa huruma, akaniambia nijifunze kwa waliosoma. Kuanzia sasa tunapuliza saa saba mchana. Nalala!

Ijumaa, 18 Julai
Upepo! Salfa imekwenda kila mahali isipokuwa kwenye maua. Macho yangu mekundu, shuka za jirani zimekuwa za njano. Bibi Dominika alisimama mpakani akamsihi baba mkwe aache. Baba mkwe akamjibu kwa upole kwamba dokta ndiye kasema.

Jumatano, 30 Julai
Maua yamejaa unga mweupe, yanakauka. Mikorosho ishirini na miwili kati ya thelathini. Shakila ameyashika kidogo, akarudi nyumbani. Roho imeniuma, sitanii. Kundini hakuna aliyemlaumu dokta. Wanasema wakulima hawakufuata maelekezo. Baba mkwe naye kasema nilibeba mashine vibaya. Mimi!

Alhamisi, 31 Julai
Nimejirekebisha. Dk. Silvano ameandika kwamba Bibi Dominika alikuwa sahihi, pulizeni alfajiri penye umande. Pongezi kibao! Dokta kagundua umande! Bibi Dominika akatuma sauti kwamba hilo yeye alilisema tangu tarehe kumi na tano. Admini kamtoa kundini kwa kumkosea dokta heshima.

Jumamosi, 2 Agosti
Bibi Dominika amekuja shambani alfajiri, bila kuitwa, kutusaidia kuokoa mikorosho minane iliyobaki. Nikamwamkia. Akaitikia marahaba, akanirekebishia mkanda wa mashine, wala hakuonyesha kinyongo. Nikataka kumwambia ukweli. Nikaishia kumshukuru kwa mkanda. Korosho za mikorosho minane hazitoi hata bati la jikoni. Mwaka mwingine tena chini ya paa la nyasi, mimi na Shakila.

Mchana kutwa nimejichunguza nilikosea wapi. Nimepapata! Udokta ni cheo kidogo, ndiyo maana mambo yaliharibika. Tangu saa kumi jioni Silvano ni Profesa. Na kwa wakati mzuri, maana baba mkwe ametangaza kwamba kesho alfajiri nitawashika kuku wote, mmoja mmoja, watiliwe dawa ya ugonjwa wa kideri machoni. Profesa ameshaandika: kuku wa Masasi wasiguswe kabla ya saa nne asubuhi, na mkwe awe ameshakunywa chai. Asilimia 94.

Baba mkwe amekuwa wa kwanza kushukuru.