Nakala za Marehemu Andrea

Jumatatu, 15 Aprili 1996. Bigwa.

Mvua tangu alfajiri. Mlima hauonekani kabisa.

Mama Hidaya wa Dar, mratibu wa mtandao wetu wa barua za kompyuta, ametangaza kwamba Morogoro itapata kituo kikuu kimoja tu. Katika mtandao wetu hakuna anayelipwa. Ni kompyuta zetu za nyumbani, zinapigiana simu na kupokezana barua toka mji hadi mji. Lakini kituo kikuu ni heshima, na atakayepitisha barua nyingi ndiye atakayepewa. Leonard wa Msamvu anatembea kama kwamba keshapewa. Ana duka la fotokopi, ana pikapu, ana tai. Mimi, tangu kiwanda kibinafsishwe na sisi tupunguzwe, nina kompyuta, redio ya kupokelea barua za mlimani, na mke wangu Modesta, ambaye haziamini zote mbili.

Nimepata njia. Kila barua ina namba, ambayo kompyuta ya mwandishi huitunga kwa kufuata saa na tarehe yake. Programu yangu inakumbuka namba zote zilizopita. Namba ikirudi, inasema hii ni nakala, inaitupa jalalani. Bila hivyo barua moja ingezunguka Moro na Dar mpaka kiama.

Nimeizima kazi hiyo. Sasa kila kinachoingia kinahesabiwa, hata kikiingia mara mbili. Leonard atalia.

Jumanne, 16 Aprili.

Hesabu imepanda vizuri. Salamu moja ya Pasaka imepita mara nne, bado inapendeza.

Ila asubuhi imeingia barua kwa redio, kutoka mlimani. Mwandishi: Andrea. Tarehe: 1 Januari 1980. Maneno: Maji ya kisima yamekuwa mekundu.

Andrea alikuwa fundi wa misheni kule juu. Ndiye aliyenifundisha redio. Tulimzika Novemba. Nilishika jeneza upande wa miguu, kiatu changu kikabaki kwenye tope.

Nikamweleza Modesta. Akasema ama nimesoma vibaya ama nimeanza tena mambo yangu, na uji unapoa.

Jumatano, 17 Aprili.

Nyingine. Tarehe ileile ya 1980, namba ileile, maneno mapya: Mbuzi wanakataa zizi. Halafu: Ardhi imefunguka juu ya nyumba. Halafu: Mbona hamjibu?

Redio hukwaruza kwanza, kama mtu anayeburuta jembe juu ya saruji. Kisha mbwa wa jirani hunyamaza. Kisha jina linatokea kwenye kioo, herufi moja moja.

Nikafungua jalala la nakala. Andrea amejaa humo tangu wiki iliyopita. Programu ilikuwa ikimtupa kila siku kwa sababu namba ni moja, na mimi sikuwahi kutazama. Nani hutazama jalala?

Nikavaa koti ingawa hakukuwa na baridi.

Baadaye akili ikarudi. Leonard! Anajua Andrea alikuwa rafiki yangu. Anataka niogope, nizime mashine, yeye achukue kituo. Nimekula ugali kwa hasira.

Alhamisi, 18 Aprili.

Barua moja tu leo: Amosi, njoo kesho asubuhi. Usikae njiani.

Nimeisoma huku nimesimama. Nywele za mikono zilisimama pia.

Jina langu kabisa. Leonard amevuka mpaka. Bila shaka yuko huko juu na kiredio, anacheka. Kesho napanda kumfumania. Modesta ameniuliza ninamfumania nani mlimani kwenye mvua. Nikamjibu ni mambo ya kitaalamu.

Jumamosi, 20 Aprili. Misheni.

Nitaandika kwa mpangilio.

Jana nilipanda peke yangu. Ukungu mzito mpaka sikuona miguu yangu. Kina mama wanaoteremka na mboga kila siku hawakuwepo. Ndege nao kimya. Mara mbili nilisikia hatua za mtu mbele yangu, mwendo uleule wa Andrea, wa kuburuta mguu wa kushoto. Niliita. Nikajibiwa na maji.

Leonard hakuwepo. Mlangoni kwa Andrea alisimama Eufrazia, mjane wake. Akasema, "Shemeji, umechelewa kujibu, lakini umekuja."

Kumbe ni yeye aliyekuwa akiandika. Programu ya marehemu inaweka jina la marehemu, naye hajui kulibadilisha. Betri ndogo ya saa ndani ya kompyuta imekufa, kwa hiyo kila akiiwasha inajiona iko mwaka 1980, inatunga namba ileile. Alikuwa anaomba tumfikishie padre habari, maana padre yuko mjini. Mwenyewe hawezi kumwacha mama mkwe, ambaye hatembei.

Alinipeleka nyuma ya nyumba. Ufa. Umeanzia migombani na kupita juu ya nyumba zote za upande ule. Ukitega sikio unasikia kitu kinanywa humo ndani.

Eufrazia alikwisha kuwaambia watu wahame. Mzee Kasimiri, mwenyekiti, akasema hawezi kuhamisha kijiji kwa neno la mjane mmoja. Asikie kwanza kauli ya mjini. Nikampa shikamoo. Akaniuliza nimekuja kwa shughuli gani.

Ningesema nini? Kwamba nimekuja kumkamata mwenye fotokopi? Nikasema nimetumwa na serikali, mimi ni mtaalamu wa ardhi. Nikapima ufa kwa kamba ya kuanikia nguo. Nikatikisa kichwa mara kadhaa. Nikasema wote waende kanisani, sasa hivi.

Wakaenda. Tulimbeba bibi kwenye kiti, mimi tena upande wa miguu.

Magharibi ilipoingia, mlima ukashuka. Haukutoa sauti kubwa. Ulikuwa kama pumzi. Nyumba zilikuwepo, halafu palikuwa na udongo tu na paa moja la bati likisafiri taratibu. Watu walihesabiana kwa majina ndani ya kanisa. Wote walikuwemo. Mzee Kasimiri alinishika mkono. Nililia kidogo, nadhani hakuna aliyeona.

Leo asubuhi nikamwambia Eufrazia kwamba kilichonileta ni barua yake ya juzi, ile ya jina langu. Akaacha kukoroga uji.

"Alhamisi sikuandika, shemeji," akasema. "Betri ya gari inayoiwasha mashine ilikufa Jumatano. Sikuwa na umeme."

Hakuna aliyemaliza uji.

Jumatano, 24 Aprili. Bigwa.

Nimeshuka na kompyuta ya marehemu kwa ajili ya matengenezo. Iliponea kanisani, Eufrazia aliibeba chini ya kanga. Iko mezani, kifuniko wazi, haijaunganishwa na waya wowote.

Mama Hidaya amepiga simu. Amekwisha kuona salamu za Pasaka. Amesema kazi ya kuzuia nakala iwashwe leo, la sivyo kituo ni cha Leonard. Nimeiwasha. Lakini nimetafuta dawa: nafungua kituo cha pili, jina la kubuni, kitakachoniandikia mimi na mimi nitakijibu. Namba mpya kila mara. Hakuna programu itakayonishika.

Nilipokuwa natunga hilo jina, redio ikakwaruza. Mbwa wa jirani akanyamaza.

Jalalani mna barua moja. Andrea. 1 Januari 1980. Amosi, acha.

Nikaitazama ile kompyuta mezani. Matumbo nje, kimya. Nikasogeza kiti mbali kidogo.

Modesta akaniuliza ni nini. Nikamwambia ni Leonard, na safari hii amejitahidi.

Hata hivyo barua ni barua. Nimeitoa jalalani, nikaituma Dar mara mbili, kila mara kwa namba mpya.